Miwani ya Uhalisia Pepe na Mwalimu wa Sayansi Mjini Kisangani: Ukubalifu Hutokana na Nini?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sehemu ya sayansi katika shule ya sekondari mjini Kisangani anaweza kumaliza masomo yake yote, akafanya Mtihani wa Dola na kufaulu, bila ya kushika neli ya majaribio wala kuchungulia ndani ya hadubini. Anajua kuandika ubaoni mlinganyo wa mmenyuko wa kikemia. Anajua kuichora seli na kuzitaja sehemu zake kwa Kifaransa. Mmenyuko wenyewe hajauona, na seli yenyewe hajaiona.

Hali hii haikuletwa na uzembe wa walimu. Imetokana na miaka mingi ya uchumi mbovu, bajeti duni za elimu, na vita. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, makombora yaliangukia nyumba za watu, makanisa, shule na majengo ya chuo kikuu. Kilichovunjika kwa siku sita hakijengwi kwa siku sita.

Katika mazingira hayo, habari za miwani ya uhalisia pepe, yaani chombo kinachomwonyesha mtu maabara ambayo haipo, huwa na mvuto mkubwa. Wapo wanaosema kwamba chombo hicho kitaziba pengo la maabara. Wapo pia wanaokiona kuwa ni mchezo wa wenye fedha. Makala haya hayakusudii kuishabikia rai yoyote kati ya hizo mbili. Yanakusudia kueleza jambo moja lililo nyuma ya rai zote mbili: ni nini kinachomfanya mwalimu akikubali au akikatae chombo kipya cha kufundishia? Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba chombo ambacho mwalimu hakukikubali huishia kabatini, hata kingekuwa na thamani gani.

2.0 Chombo chenyewe

Kabla ya kuzungumzia ukubalifu, hapana budi kukieleza chombo kinachohusika. Miwani ya uhalisia pepe ni kifaa kinachofungwa kichwani na kuyafunika macho yote mawili. Ndani yake mna lenzi mbili na skrini. Kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo mbili hutofautiana kidogo, kama vile jicho la kulia na la kushoto zinavyotofautiana kidogo katika kukitazama kitu kimoja. Ubongo huziunganisha picha hizo na kupata kina. Vipima-mwendo vilivyomo ndani hufuata kila mgeuko wa kichwa, na picha hugeuka pamoja nacho. Kwa hiyo mtazamaji hajioni kuwa anatazama picha. Hujiona kuwa yumo ndani yake.

Wazo hili si geni. Ivan Sutherland alionyesha chombo cha namna hiyo nchini Marekani mwaka 1968, na jina lenyewe lilienezwa na Jaron Lanier mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa muda mrefu vyombo hivyo vilikuwa vya maabara za kijeshi na za vyuo vikubwa. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa miwani ya karatasi ngumu ambayo mtu huitia simu yake ya mkononi, ndipo bei ikashuka kufikia kiasi ambacho hata shule maskini ingeweza kukifikiria.

Kuna tofauti kati ya aina hizo mbili. Miwani ya karatasi humwezesha mtu kugeuza kichwa na kutazama pande zote, lakini hawezi kutembea wala kushika kitu. Miwani kamili hufuata pia mwendo wa mwili na wa mikono, na mwanafunzi anaweza kuinua chupa isiyokuwapo na kumimina asidi isiyokuwapo. Aina ya kwanza ni ya kutazama. Ya pili ni ya kutenda. Mazungumzo mengi juu ya faida za chombo hiki huchanganya aina hizo, na mwalimu aliyeahidiwa ya pili akapewa ya kwanza ana haki ya kuvunjika moyo.

3.0 Nadharia za ukubalifu

Suala la kwa nini watu hupokea au hukataa mambo mapya limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1962 Everett Rogers alitoa kitabu chake juu ya uenezaji wa mambo mapya. Alionyesha kwamba jambo jipya hupokewa haraka likiwa na sifa tano: liwe na faida kuliko lile la zamani, lilingane na desturi na mahitaji ya wapokeaji, lisiwe gumu, liweze kujaribiwa kidogo kidogo, na matokeo yake yaonekane kwa macho.

Mwaka 1989 Fred Davis alitoa kielezo kilichokuja kutumiwa kuliko vyote katika utafiti wa ukubalifu wa teknolojia. Kielezo hicho kina nguzo mbili. Ya kwanza ni manufaa yanayodhaniwa: je, mtu anaamini kwamba chombo kitamsaidia kuifanya kazi yake vizuri zaidi? Ya pili ni wepesi unaodhaniwa: je, anaamini kwamba kukitumia hakutamtaabisha? Davis aliona kwamba nguzo ya kwanza ina nguvu kuliko ya pili. Watu huvumilia chombo kigumu chenye manufaa, lakini hawakitumii chombo chepesi kisichokuwa na faida kwao.

Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, walivikusanya vielezo mbalimbali kuwa kimoja. Waliongeza mambo mawili ambayo ni muhimu sana kwa hoja ya makala haya: athari ya watu wengine, yaani maoni ya wakubwa na wenzake mtu kazini, na mazingira wezeshi, yaani umeme, vipuri, mafunzo na mtu wa kumwendea pindi chombo kinapogoma.

Nadharia hizi zilizaliwa maofisini, katika nchi ambamo umeme haukatiki. Zikihamishiwa Kisangani bila ya kupimwa, huweza kumlaumu mwalimu kwa kosa lisilo lake. Zikitumiwa kwa uangalifu, husaidia kuuliza maswali yanayofaa.

4.0 Mwalimu wa Kisangani mbele ya chombo

4.1 Manufaa

Kwa mwalimu wa sekondari, manufaa hupimwa kwanza kwa Mtihani wa Dola. Mtihani huo, ulioanzishwa mwaka 1967, ndio mlango wa chuo kikuu, na sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Haumuulizi mtahiniwa kama amewahi kupima chumvi kwenye mizani. Mwalimu anayetumia vipindi vitatu kwa ajili ya chombo kipya, huku mtaala haujamalizika, anahatarisha jina lake mbele ya wazazi na mkuu wa shule. Kusitasita kwake si woga wa maendeleo, bali ni hesabu sahihi ya mtu anayejua atapimwa kwa kipimo gani.

Aidha, utafiti wenyewe haumhakikishii kwamba miwani huongeza elimu kila mara. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha uchunguzi uliohusisha wanafunzi 52 wa chuo kikuu waliofanya somo moja la maabara ya kuigiza kwa njia mbili, kwenye kompyuta ya kawaida na kwa miwani. Wakiwa na miwani, wanafunzi walijihisi zaidi kuwa wamo ndani ya maabara, lakini walijifunza kidogo kuliko walipotumia kompyuta. Wingi wa mambo ya kutazama uliichosha akili. Mwalimu mwenye shaka, basi, yumo katika kundi la wanasayansi.

4.2 Wepesi

Hapa hesabu ndogo inatosha. Tuseme darasa lina wanafunzi 50 na shule ina miwani mmoja. Kila mwanafunzi akipewa dakika 5 tu, zitahitajika dakika 250, ambazo ni vipindi vitano vya dakika 50. Wakati mmoja anatazama, 49 wanangoja. Mwalimu hamwoni mtazamaji anaona nini, na mtazamaji hamwoni mwalimu. Yaani chombo kinakatiza kile ambacho mwalimu wa darasa kubwa anakitegemea kuliko vyote: macho yake juu ya wanafunzi na macho ya wanafunzi juu ya ubao.

Darasa hilo hilo likiwa na miwani kumi ya karatasi na makundi kumi ya wanafunzi watano watano, kila mmoja hupata dakika zake 5 ndani ya nusu ya kipindi, na nusu iliyobaki hutumika kwa maswali na maelezo. Chombo ni cha aina duni zaidi, lakini somo linawezekana. Mwalimu hukubali somo linalowezekana.

4.3 Watu

Mwalimu hafanyi kazi peke yake. Yuko chini ya mkuu wa shule na mkaguzi, na shule nyingi za Kongo husimamiwa na makanisa kwa makubaliano na serikali. Mkaguzi anapofika darasani hutafuta daftari la matayarisho, ratiba na hatua za somo. Ikiwa somo la miwani halina nafasi katika daftari hilo, mwalimu huliacha. Kwa hiyo mafunzo ya walimu pasipo mafunzo ya wakaguzi ni sawa na kufungua mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili iliyofuatana.

Liko pia suala la heshima. Kwa muda mrefu wazazi wa Kongo wamechangia malipo ya walimu, na mzazi hudai kuona kazi. Mwalimu aliyeshindwa kukiwasha chombo mbele ya vijana, huku mwanafunzi mmoja akijitokeza kumsaidia, hutoka darasani akiwa amepungukiwa. Wapangaji wa miradi aghalabu hulisahau jambo hili. Mwalimu mwenyewe halisahau.

4.4 Mazingira

Umeme wa Kisangani hutoka katika kituo cha maporomoko ya mto Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950. Mitambo yake imezeeka, mji umekua, na mitaa mingi huishi kwa mgao au bila umeme kabisa. Intaneti huja kwa bei ghali. Joto na unyevu wa mji ulio karibu na ikweta haviwi rafiki wa lenzi na betri. Haya yote yana dawa: paneli ya jua huweza kuchaji simu, na programu huweza kuhifadhiwa ndani ya chombo ili isitegemee mtandao. Lakini dawa hizo lazima ziwe sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza, wala zisiachwe juu ya mfuko wa mwalimu.

Hatari nyingine hutoka mbali. Google ilikuwa na programu ya safari za kielimu, iliyokusanya mamia ya ziara za kutazamwa kwa miwani ya karatasi. Mwaka 2021 kampuni iliiondoa programu hiyo, na madarasa yaliyokuwa yamejenga masomo juu yake yalilazimika kutafuta njia nyingine. Mwalimu anayeuliza chombo kitadumu miaka mingapi anauliza swali la msingi.

5.0 Funzo kutoka Kenya

Nchi jirani za Afrika Mashariki zimepitia njia hii kabla. Kenya inatoa mifano miwili yenye kufaa kulinganishwa.

Mfano wa kwanza ni mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, unaojulikana kwa jina la SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA. Mradi huo haukuanza na mashine. Ulianza na mwelekeo wa mwalimu. Walimu walikutana wakati wa likizo, wakapanga masomo, wakafundishana, wakasahihishana. Walihimizwa kutumia vitu vilivyopo: chupa tupu, betri zilizotumika, majani ya kupimia asidi. Mradi ulianza katika wilaya tisa, ukapanuliwa nchi nzima, na ukavuta nchi nyingine za Afrika kujifunza kutoka kwake.

Mfano wa pili ni mpango wa vifaa vya dijiti kwa shule za msingi. Uliahidiwa mwaka 2013 kwa jina la kompyuta za watoto, ukacheleweshwa na mabishano ya zabuni, na ugawaji ukaanza mwaka 2016. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawanywa. Hapa kifaa ndicho kilichokuwa mbele. Walimu walifunzwa, lakini shule nyingi zilijikuta na vifaa vilivyofungiwa stoo kwa hofu ya wizi, kwa kukosa umeme, au kwa kukosa mtu wa kuvitengeneza.

Haisemwi hapa kwamba mradi wa kwanza ulikuwa mwema na wa pili mbaya. Lakini mpangilio wao unatofautiana: katika wa kwanza, mwalimu alikubali njia kwanza kisha akatafuta chombo, katika wa pili, chombo kilifika kwanza kikasubiri kukubaliwa.

6.0 Suala la lugha

Kuna jambo ambalo vielezo vya ukubalifu havilitaji, nalo ni lugha. Katika shule za sekondari za Kisangani lugha rasmi ya kufundishia ni Kifaransa. Hata hivyo, mwalimu anapoona nyuso zimekunjamana, huacha Kifaransa kwa dakika mbili, akaeleza kwa Kiswahili au Lingala, kisha akarudi. Dakika mbili hizo mara nyingi ndizo zinazobeba somo. Miwani inayosema Kiingereza au Kifaransa tu humnyang'anya mwalimu dakika hizo, kwa kuwa mwanafunzi amefungiwa ndani na sauti isiyomgeukia.

Akiba ya istilahi ipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mkusanyiko wa maigizo ya kisayansi ya PhET, ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, hutolewa bure, una baadhi ya maigizo yaliyokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kutumika bila intaneti ukishapakuliwa. Maigizo hayo si uhalisia pepe. Huonyeshwa kwenye skrini ya kawaida. Lakini yanaonyesha kwamba mkondo wa umeme na mwendo wa atomu huweza kufundishwa kwa mashine inayotumia lugha ya mwanafunzi.

Hata jina la chombo lastahili kutazamwa. Neno pepe limeenea katika Kiswahili sanifu kupitia barua pepe, na kutoka hapo likazaa uhalisia pepe. Kimatamshi liko hatua moja tu kutoka pepo. Mtu ambaye hakulizoea, akiambiwa kwamba kijana wake atafunikwa macho ili aone mambo ya pepe, anaweza kufikiri mengine kabisa. Uhalisia bandia nao hubeba dosari, kwani kitu bandia ni kitu cha udanganyifu. Uhalisia wa kuigiza hueleweka upesi, ingawa ni mrefu zaidi. Hili si suala la kupamba maneno. Jina ndilo linalotangulia kufika kwa mzazi, kwa mchungaji na kwa mkaguzi, kabla ya chombo chenyewe.

7.0 Kipi kifundishwe kwa miwani?

Hoja iliyobaki ni ya uchaguzi. Umbali wa kilomita 100 hivi magharibi ya Kisangani, kando ya mto Kongo, upo Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kilichoanzishwa mwaka 1933. Kina mkusanyiko mkubwa wa mimea iliyokaushwa, na tangu mwaka 2020 mnara wa mita 55 unapima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka katika msitu. Kumvisha mwanafunzi wa Kisangani miwani ili aone msitu wa mvua ni kumnywesha maji kwa kijiko mtu aliyesimama ndani ya mto.

Miwani ina kazi pale macho yasipofika: ndani ya atomu, ndani ya mshipa wa damu, katika mwendo wa sayari. Ina kazi pia pale majaribio yanapokuwa ya hatari au ya gharama kubwa, kama vile asidi kali na miale. Mahali pengine pote, kitu halisi ni bora na ni rahisi. Hadubini moja na majani ya uani, betri moja na waya, ndimu na maji ya majivu, vinastahili kutangulia. Shule yenye fedha za kununua kimoja tu, kati ya miwani kamili na hadubini chache, ifikiri sana kabla ya kuchagua miwani.

Mwalimu akiruhusiwa kufanya uchaguzi huo mwenyewe, sura ya ukubalifu hubadilika. Haulizwi tena kama yuko tayari kwa teknolojia, kana kwamba yuko mbele ya hakimu. Anaulizwa somo gani limemshinda kulieleza kwa chaki, na kama chombo hiki kingemsaidia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukubalifu wa mwalimu si tabia yake ya moyoni tu, ya kupenda au kuchukia mambo mapya. Ni jibu kwa mambo yanayoonekana: mtihani unaompima, idadi ya wanafunzi, mkaguzi, umeme, heshima yake, na lugha anayofundishia. Anayetaka jibu libadilike, abadilishe mambo hayo.

Vyuo vinavyowaandaa walimu mjini Kisangani, pamoja na idara za lugha, vina kazi ya kufanya kabla hata chombo kimoja hakijanunuliwa: kuchagua masomo machache yanayohitaji miwani kwa kweli, kuyaandikia maelezo ya Kiswahili na Lingala kando ya Kifaransa, kuyajaribu kwa makundi madogo ya walimu pamoja na wakaguzi wao, na kusikiliza watakachosema, hasa wakikataa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miwani ya uhalisia pepe ni mgeni. Mwalimu wa sayansi ndiye mwenyeji, na ndiye anayejua shamba lipi linangoja kulimwa.